Neno Lisiloandikwa: Mafunzo ya Maigizo ya Papo kwa Papo kwa Marika Mbalimbali

Utangulizi

Inapotajwa historia ya sanaa za maonyesho nchini mwetu, mara nyingi huhesabiwa vitabu. Msomaji huelezwa kwamba mwaka 1969 ilichapishwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, kwamba mwaka 1972 ilitoka Hatia ya Penina Muhando, na kwamba tangu hapo tamthilia za Kiswahili zimeongezeka mwaka hata mwaka. Hesabu hiyo ni ya haki, nasi hatuna nia ya kuipunguza. Lakini hesabu ya vitabu huacha nje sehemu kubwa ya maonyesho ambayo wananchi wetu wameyacheza, kwa sababu sehemu hiyo haikupata kuandikwa. Haikuandikwa si kwa kuwa ilikuwa duni, bali kwa kuwa asili yake ni kuzaliwa kinywani mwa mchezaji pale pale mbele ya watu, na kumalizika hapo hapo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi sanaa hiyo, ambayo tutaiita maigizo ya papo kwa papo, ilivyofundishwa zamani na jinsi inavyofaa kufundishwa kwa wanafunzi wa marika mbalimbali. Tunaposema maigizo ya papo kwa papo tuna maana ya mchezo ambao wachezaji wake hawakupewa maneno ya kukariri. Wamepewa mahali, wamepewa watu, wamepewa jambo linalogombaniwa; maneno na vitendo watavitafuta wenyewe mchezo ukiwa unaendelea.

Wako wasemao kwamba kitu cha namna hiyo hakifundishiki, kwamba ama mtu amezaliwa na kipaji ama hana. Sisi tunaona kwamba historia yetu yaonyesha kinyume chake. Sanaa hii ilifundishwa, tena kwa mpango, na kila rika lilikuwa na mwalimu wake. Mpango huo ulivunjika shule zilipoingia, na juhudi zilizofanywa baadaye za kuurudisha zilifaulu pale tu mwalimu alipokubali kumwachia mwanafunzi neno lake. Kwa hiyo jambo linalogombaniwa hapa ni kubwa kuliko mchezo wenyewe: ni nani mwenye haki ya kusimama mbele ya watu akasema maneno ambayo hakupewa na mtu.

Ngazi ya marika

Kabla ya shule za kikoloni, jamii zetu nyingi hazikuwa na jumba la michezo wala mtu aliyeitwa mwalimu wa maigizo. Walakini mafunzo yalikuwapo, nayo yalifuata umri, ngazi juu ya ngazi.

Ngazi ya kwanza ilikuwa ya watoto wadogo, na mwalimu wake alikuwa mtoto aliyewazidi wenzake miaka miwili au mitatu. Tuutazame mchezo wa baba na mama, ambao ni nadra kumpata Mtanzania asiyeujua. Kifuu cha nazi ni chungu, mchanga ni wali, majani ya mwembe ni mboga, na gunzi la hindi lililofungwa kitambaa ni mtoto mchanga. Baba arudi kutoka shamba, auliza chakula. Mama amjibu kwamba kuni hazikuletwa. Na mara ule ugomvi wa nyumba ya jirani, ambao watu wazima walidhani haukusikiwa na mtu, unachezwa wote mchana kweupe. Mchezo huu una sheria moja kali. Mtoto atakayesema, “Huu si wali, ni mchanga,” hutolewa nje. Sheria hiyo ni ndogo, lakini ndiyo msingi wa sanaa nzima: mwenzako akikuletea jambo, lipokee kwanza, kisha uongeze lako.

Jioni mtoto huyo huyo hukaa mbele ya bibi yake. Bibi husema, “Paukwa,” nao watoto huitikia, “Pakawa.” Bibi hubadilisha sauti kwa ajili ya sungura na fisi, huinuka akachechemea, huuacha wimbo katikati ili wajukuu waumalize. Hadithi ya leo si sawasawa na ile ya juzi, maana bibi huitazama nyuso zao. Wakisinzia, fisi hufika mapema. Siku moja bibi huchoka, au husema kwamba amechoka, na mjukuu huambiwa asimulie. Hapo somo la kusikiliza limekwisha na somo la kusema limeanza.

Ngazi ya pili ilikuwa ya vijana, nayo ilikuwa katika jando na unyago kwa makabila yaliyokuwa na mila hiyo. Humo mafunzo mengi yalitolewa kwa nyimbo, mafumbo, vinyago na maigizo. Katika unyago wa makabila kadhaa ya mashariki ya nchi, makungwi waliigiza mbele ya mwali mambo ya maisha aliyokuwa akiyaendea: mume mlevi, mke mvivu, mkwe mwenye maneno. Mwali alitazama, kisha alitakiwa kufuata na kuitikia. Hatuyasifu yote yaliyofundishwa humo. Mengine yalimfunza msichana kuvumilia asilopaswa kulivumilia, na yapo ambayo taifa limeyakataa. Lakini kama namna ya kufundisha, kungwi alijua jambo ambalo vyuo vya ualimu vilichelewa kulijua: kijana hujifunza neno gumu akiliona likitendwa na akilitenda yeye mwenyewe miongoni mwa wenziwe, mahali ambapo hachekwi na asiyehusika.

Ngazi ya tatu ilikuwa ya watu wazima, na shule yake kubwa ilikuwa utani. Baina ya makabila yenye utani, hata yale yaliyopata kupigana vita kama Wahehe na Wangoni, mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Msibani, wakati wafiwa wameinama, mtani huingia akiwa amevaa kama marehemu. Hutembea mwendo wake, hukohoa kikohozi chake, huwadai watu madeni aliyoyaacha, na pengine huziba njia ya kaburini mpaka apewe chochote. Watu wanalia na kucheka kwa wakati mmoja. Hakuna aliyemwandikia mtani maneno yake, naye hawezi kuyaandaa yote, kwa kuwa kifo hakitoi taarifa. Anachokuwa nacho ni mazoezi ya miaka mingi ya kuwatazama watu, na ujuzi wa kupima afike wapi na asivuke wapi. Kijana alijifunza utani kwa kwenda misibani nyuma ya wakubwa wake, akianza na neno moja, kisha mawili.

Basi hiyo ndiyo ngazi: mtoto alifundishwa kupokea, kijana alifundishwa kutenda bila haya miongoni mwa wenziwe, na mtu mzima alifundishwa kupima.

Daftari laingia

Shule za kikoloni zilileta maonyesho ya namna nyingine. Mwanafunzi alipewa maneno, mara nyingi ya Kiingereza, akayakariri, na alisifiwa kwa kutokuangusha hata moja. Michezo ya Shakespeare ilichezwa na vijana ambao hawakupata kuona mfalme wa Uingereza wala theluji yake. Hatusemi kwamba tamthilia hizo hazina thamani. Mwenyewe Mwalimu Nyerere alizifasiri mbili kwa Kiswahili, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na Kiswahili kikapata faida. Tunachosema ni kwamba maonyesho yaligeuka kuwa mtihani wa kumbukumbu. Yule mtoto wa kifuu na mchanga alipofika darasani aliambiwa anyamaze mpaka apewe cha kusema.

Hata hivyo sanaa ya papo kwa papo haikufa. Ilijificha mahali ambapo wakubwa hawakuitazama sana, yaani katika vichekesho. Vichekesho vilichezwa jioni za burudani shuleni na katikati ya maonyesho ya taarabu huko pwani. Wachezaji walikubaliana kisa tu: bwana mwenye choyo na mtumishi mjanja, mtu wa bara aliyeingia mjini, mke aliyemfumania mumewe. Maneno yalikuja yenyewe, na mtazamaji aliyepiga kelele alijibiwa kutoka jukwaani. Wasomi waliona kwamba ni upuuzi. Lakini vichekesho ndivyo vilivyoutunza moto chini ya majivu, na baadaye viliingia redioni, vikaingia katika maonyesho ya vikundi vikubwa vya utamaduni vya Dar es Salaam, na mbinu yake ikaonekana tena katika michezo ya runinga ya miaka ya 1990 na filamu za video zilizofuata, ambazo nyingi zilichezwa bila maneno kuandikwa kwa ukamilifu.

Mwezi Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Ngoma zilipata heshima mpya, na shule zilihimizwa kuonyesha utamaduni wa nchi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilienea sana ngonjera, utanzu uliotukuzwa na Mathias Mnyampala pamoja na chama cha UKUTA. Sisi tuliokuwa wanafunzi katika miaka iliyofuata tunakumbuka jinsi tulivyosimama mistari miwili mbele ya wageni, huyu akiuliza, yule akijibu, mpaka yule mbishi akakubali siasa ya nchi. Ngonjera zilitufaa. Zilitufundisha kutamka, zilituondolea woga wa hadhara, na zilitupa Kiswahili kizuri. Lakini kwa jambo moja zilikuwa mtoto wa shule ya zamani: maneno yalikuwa ya mwalimu, na mbishi alishindwa kabla hajafungua kinywa. Mwanafunzi aliyekuwa na swali lake la kweli hakuwa na beti la kulisemea.

Kurudi kwenye neno hai

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwaka 1967 mafunzo ya sanaa za maonyesho yalianzishwa katika chuo kikuu kilichokuwa Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Walimu na wanafunzi wake walianza kuuliza kama jukwaa la Kizungu ndilo jukwaa pekee. Ebrahim Hussein aliirudia sanaa ya msimulizi katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, vilivyotoka mwaka 1976. Kikundi cha Paukwa kilitunga Ayubu kwa pamoja, kazi iliyochapishwa mwaka 1984. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho siku hizi ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ili ngoma, maigizo, sarakasi na muziki vifundishwe pamoja kama vilivyokuwa pamoja kijijini.

Hatua iliyokuwa kubwa zaidi kwa mada yetu ilichukuliwa katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983. Wataalamu wa chuo kikuu, miongoni mwao Penina Mlama, ambaye ndiye Penina Muhando wa Hatia, na Amandina Lihamba, hawakwenda huko na tamthilia mkononi. Walikaa na wanakijiji, wakawauliza na kuchunguza pamoja nao matatizo yaliyowasumbua. Yalijitokeza mambo kama vijana kukosa kazi na wasichana wa shule kupata mimba. Mambo hayo yaligeuzwa kuwa maigizo kwa maneno ya wanakijiji wenyewe, yakichanganywa na sanaa za jadi za pale, na baada ya onyesho ulifuata mjadala. Msomaji afikiri lilivyo jambo zito: kijana anasimama mbele ya wazazi na viongozi wa kijiji, na katika mchezo anaonyesha jinsi msichana anavyoharibiwa na watu ambao kila mmoja pale anajua ni watu wa namna gani. Neno hilo asingeweza kulisema mkutanoni. Katika mchezo aliliweza, kama mtani anavyoliweza msibani.

Jirani zetu wa Kenya walikwisha kuonyesha jinsi neno la namna hiyo linavyoweza kuwa na gharama. Katika kituo cha Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi, wazee kwa vijana, walicheza Ngaahika Ndeenda, mchezo uliotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Ulikuwa umeandikwa, lakini katika mazoezi wazee waliyasahihisha maneno, nyimbo na mila, hata ukawa mali yao. Mwezi Novemba mwaka huo ulipigwa marufuku. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka, na mwaka 1982 jumba ambalo wanakijiji walilijenga kwa mikono yao lilibomolewa. Mtu anayedhani kwamba maigizo ya watu wasiosoma ni burudani tu na aifikiri habari hiyo.

Mwaka 1996 walimu wale wale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliupeleka ujuzi huu katika shule za sekondari kwa mpango ulioitwa Tuseme. Wasichana walitafuta wenyewe mambo yanayowazuia kusoma, wakayaigiza, wakayajadili pamoja na walimu wao, na wakapendekeza hatua za kuchukua. Baadaye mpango huo ulienezwa katika nchi nyingine za Afrika. Jina lake linatosha kueleza tofauti yake na ngonjera: halikuitwa Tukariri.

Kila rika na mlango wake

Si sisi pekee tuliogundua kwamba mchezo wa mtoto ni mwalimu. Huko Chicago, Marekani, Viola Spolin alijifunza michezo ya vikundi kwa Neva Boyd katika miaka ya 1920. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alianza kuitumia kuwafundishia maigizo watoto na watu wazima wa mitaa ya wahamiaji, ambao wengi wao hawakuwa na lugha moja. Mwaka 1963 alichapisha kitabu cha mazoezi hayo, nacho kimetumiwa na walimu wa nchi nyingi. Fundisho lake kubwa ni kwamba kila mtu anaweza kuigiza, na kwamba mwanafunzi anayesubiri kusifiwa au kulaumiwa na mwalimu hawezi kuwa huru. Tunamtaja ili ionekane kwamba kilichokuwa uwanjani kwetu kilikuwa elimu kamili. Lakini mazoezi yake hayawezi kuchukuliwa na kupandwa kwetu jinsi yalivyo, kwa sababu hofu ya mtu hutegemea umri wake na mahali alipolelewa. Kwa hiyo mwalimu hana budi kwanza kuijua hofu ya kila rika.

Mtoto wa miaka saba hadi kumi na mbili hamwogopi mtazamaji, humwogopa mwalimu. Ukimwambia, “Igiza daktari,” atakutazama usoni atafute jibu sahihi. Dawa yake ni kumpa kitu badala ya somo. Tuliwahi kuingia katika darasa la tatu na kanga moja tu, tukaiweka sakafuni, tukakaa nyuma kabisa. Kwa dakika kadhaa hapakutokea jambo. Kisha mvulana mmoja akaivuka kwa kuruka, na mwenziwe akapiga kelele kwamba amelowa. Kanga ikawa mto. Baadaye ikawa kivuko, kisha mamba, kisha bibi harusi aliyechelewa kwa sababu ya mamba. Kazi yetu ilikuwa moja, kuwakumbusha ile sheria ya wali na mchanga. Kwa rika hili mashindano yafaa yaepukwe, maana mtoto akijua kwamba atapewa namba ya kwanza, humkata mwenzake maneno.

Kijana wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na tisa humwogopa mwenzake. Anaogopa kuchekwa, na mwili wake wenyewe ni mgeni kwake. Asiitwe mbele peke yake siku ya kwanza. Waanze wote kwa pamoja, na waanze bila maneno: kundi moja lisimame kama sanamu, lionyeshe foleni ya maji, au chumba cha mtihani, au nyumba siku ya msiba, na wengine waseme wanachokiona. Maneno yaingie siku ya pili au ya tatu. Wasichana na wavulana wapewe nafasi ya kuandaa mbalimbali kabla ya kuchanganyika, kama jando na unyago zilivyojua. Na iwepo sheria kwamba asitajwe mtu wa kweli kwa jina, maana igizo likigeuka kuwa fitina, atakayeumia ni mwanafunzi.

Tulipata kuona katika shule moja msichana wa kidato cha pili akiigiza mkuu wa shule anayesikiliza mashtaka. Hakumbeza. Alimwigiza mtu mwenye haraka, aliyesaini karatasi huku akijibu, “Nimekuelewa, mama, nenda darasani,” kabla mwanafunzi hajafikia katikati ya shida yake. Wenziwe walicheka, kisha wakanyamaza. Mwalimu mmoja alitaka mchezo ukomeshwe. Mkuu mwenyewe, ambaye alikuwa ameketi nasi, alisema aachwe amalize. Baada ya hapo aliuliza ni shida gani ile ambayo yule mwanafunzi wa mchezoni hakupata kuimaliza. Tuliona kwamba swali hilo ndilo lililokuwa mavuno ya somo zima.

Mtu mzima humwogopa mtoto wake. Hofu yake ni kuvunjiwa heshima, kwamba ataonekana anacheza. Taifa lilipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, walimu wengi vijana walijifunza kwamba mzee hafundishwi kama mtoto aliyechelewa. Katika maigizo sheria hiyo ni kali zaidi. Tuliwahi kumwomba mzee mmoja aigize mwenyekiti katika shauri la mpaka wa shamba. Alikataa kwa adabu, akisema, “Wanangu, mimi nimezeeka, michezo ni yenu.” Tulikuwa karibu kukata tamaa ndipo mama mmoja, aliyekuwa mtani wake, alipoinuka akajikongoja kama yeye na kudai kwamba mpaka wa shamba lile ulihama usiku kwa miguu yake wenyewe. Mzee hakuweza kuvumilia. Alisimama kumjibu, na kwa muda mrefu wakashindana kwa maneno, wakaita mashahidi kutoka miongoni mwa watazamaji, wakapima shamba kwa bakora. Hakuna hata mmoja aliyelitaja neno igizo. Tangu siku hiyo hatumwambii mtu mzima, “Tuigize.” Tunamwambia, “Shauri hili lingeamuliwaje?” au tunamtafuta mtani wake.

Marika yakikutana darasa moja, kama ilivyokuwa Malya, kila rika liandae kwanza lenyewe, kisha yote yaonyeshane. Ukiwachanganya tangu mwanzo, vijana watawaachia wazee maneno yote kwa heshima, na watoto watageuzwa kuwa mapambo. Lakini watoto wakisha kuonyesha jinsi wanavyowaona wakubwa, nao wakubwa wakisha kuonyesha jinsi walivyokuwa watoto, mchezo wa tatu utakaozaliwa baina yao hautakuwa mali ya upande mmoja.

Mitego ya njiani

Tungekuwa hatusemi kweli kama tungeacha kueleza yanayoharibu kazi hii. Mtego wa kwanza ni daftari lile lile. Igizo likipendwa, mwalimu huliandika ili lipelekwe mashindanoni. Tumewaona wanafunzi waliokuwa wakichekesha na kuliza, wakisimama baada ya mwezi mmoja na maneno yale yale yaliyoandikwa, wakitazama juu kama wanaotafuta mstari uliopotea. Si kosa kuandika. Ayubu imeandikwa, na ni vema imeandikwa. Kosa ni kuandika kabla kikundi hakijamaliza kutafuta, na kumfanya mwanafunzi mtumwa wa neno lililokuwa lake.

Mtego wa pili umekua zaidi tangu miaka ya 1990, wakati maigizo yalipotumiwa sana kueneza habari za afya, mazingira na mengineyo. Mfadhili huleta ujumbe uliokwisha kuandaliwa, na kikundi hutakiwa kuucheza kana kwamba umetoka kwa wananchi. Mara nyingine ujumbe wenyewe ni mwema. Lakini mbishi wa mchezo huo ni yule yule mbishi wa ngonjera, ameshindwa kabla hajasema, na wanakijiji, ambao si wajinga, hupiga makofi na kwenda nyumbani na maswali yao.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maigizo ya papo kwa papo si mambo ya kubahatisha, bali ni elimu iliyokuwa na ngazi zake katika jamii zetu. Ngazi hizo haziwezi kurudishwa kama zilivyokuwa. Watoto wengi siku hizi hawalali nyumba moja na bibi zao, jando na unyago vimepungua na vingine vimebadilika, na mjini watu huweza kuzikwa bila mtani. Kwa sababu hiyo hiyo shule inalo jukumu ambalo zamani haikuwa nalo. Kilichofundishwa uwanjani, unyagoni na msibani sasa hakina budi kupata mahali pengine pa kufundishiwa.

Tunapendekeza mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kila darasa lipate kipindi kimoja kwa juma ambacho madaftari yatafungwa. Vyuo vya ualimu vimzoeze mwalimu kukaa nyuma ya darasa na kunyamaza, jambo ambalo ni gumu kuliko kusema. Wazee wanaojua utani, na makungwi walio tayari, waalikwe shuleni kama walimu wa haki, si kama wageni wa kupigwa picha. Na pale mchezo wa wanafunzi utakapogusa jambo linalotuuma sisi wakubwa, tujizuie tusiusimamishe. Tukae mpaka mwisho, kisha tuulize, kama alivyouliza yule mkuu wa shule, ni shida gani ambayo mtoto hakupata kuimaliza.